Kufuatilia maisha ya mwanamke Myahudi aliyenusurika Holokosti: karatasi zipi, na zisomwe vipi

Mwalimu anayeandaa somo la historia, mwanafunzi wa chuo, mtayarishaji wa kipindi cha redio na mfasiri wa ushuhuda huanzia mahali pamoja: jina la mwanamke aliyenusurika Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, na pengine picha moja. Wengi wao huishia pamoja pia, kwenye siku ambayo geti la kambi lilifunguliwa. Simulizi hukatwa hapo kana kwamba mwanamke huyo hakuolewa, hakufanya kazi wala hakuumwa tena. Lakini manusura wengi wa kike walikuwa wasichana na wanawake vijana mwaka 1945. Waliofika uzeeni waliishi miaka 50, 60, hata 70 baada ya vita. Sehemu hiyo ndiyo ndefu zaidi ya maisha yao, na mara nyingi ndiyo iliyoacha karatasi nyingi zaidi. Anayeiruka anapoteza hata ushahidi wa miaka ya vita, kwa sababu mambo mengi ya kambini yaliandikwa kwa mara ya kwanza baada ya kambi kufungwa.

Kwa mazoezi, tumia maisha ya Simone Veil wa Ufaransa, aliyezaliwa Nice tarehe 13 Julai 1927 na kufariki tarehe 30 Juni 2017. Maisha yake yako hadharani, kwa hiyo utaweza kujisahihisha. Ukishaweza kumfuata yeye hatua kwa hatua, njia hiyo hiyo itakufikisha kwa fundi cherehani wa Łódź, mji wa Poland, ambaye hakuna kitabu kilichomtaja.

Daftari kwanza

Usianze kutafuta kabla hujachora jedwali. Mwanamke mmoja, ukurasa wake, safu saba: tarehe, mahali, jina kama lilivyoandikwa, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyoandikwa, aina ya karatasi, nani aliiandika na kwa nini, inahifadhiwa wapi na kwa namba gani ya jalada.

Safu ya sita ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote. Kadi ya kambi iliandikwa na mfungwa aliyewekwa kuwa karani, chini ya amri ya SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, kwa ajili ya kuhesabu watumwa. Fomu ya mwaka 1946 iliandikwa na karani wa misaada ambaye huenda hakujua Kipolandi, akasikia jina na kulitia kwenye karatasi kadiri ya sikio lake. Dai la fidia la mwaka 1957 liliandaliwa na wakili aliyejua sheria inataka nini. Karatasi tatu zikitofautiana, jibu mara nyingi limo katika safu hiyo.

Kanuni ni moja: nakili kosa kama lilivyo. Ukiona mwaka wa kuzaliwa 1925 na wewe unajua ni 1927, andika 1925. Kosa ni ushahidi, na tutaona sababu.

Majina yake, maana si moja

Tarajia kati ya majina matatu na sita kwa mtu mmoja. Jina la kuzaliwa. Jina la nyumbani la Kiyidishi. Jina la ndoa, au la ndoa mbili ikiwa mume wa kwanza aliuawa. Jina la vyeti bandia. Jina jipya la Kiebrania au la Kiingereza baada ya kuhama. Rywka huwa Rifka, Regina, Rebecca. Chaja huwa Helena au Helen. Fajga huwa Feige au Fanny. Orodhesha yote kabla ya kubonyeza kitufe cha kutafuta.

Mitego minne huwanasa wengi.

Wa kwanza ni jina "Sara". Sheria ya Ujerumani ya Agosti 1938 ililazimisha wanawake Wayahudi waongeze jina hilo kuanzia Januari 1939, na wanaume waongeze "Israel". Ukikuta "Edith Sara" kwenye karatasi ya Berlin ya mwaka 1940, hilo si jina alilopewa na mama yake. Ni alama aliyobandikwa. Usilitumie unapomtaja.

Wa pili ni ndoa za kidini. Huko Galicia, kusini mwa Poland ya zamani, wazazi wengi Wayahudi walioana mbele ya rabi bila kusajili ndoa serikalini. Mtoto akaandikwa kwa jina la ukoo la mama, ingawa kijijini alijulikana kwa la baba. Ndiyo maana karatasi nyingine zina maneno "vel", "recte" au "false" katikati ya majina mawili: yanaeleza kwamba mtu huyu ana jina hili na lile. Tafuta kwa yote mawili.

Wa tatu ni vyeti bandia. Wanawake walijificha kwa vyeti vya Kikristo mara nyingi zaidi kuliko wanaume, kwa sababu mwanaume aliyetahiriwa aligundulika papo hapo. Wako waliobaki na jina la bandia hata baada ya vita. Simone Veil, aliyezaliwa Simone Jacob, alikuwa na kitambulisho chenye jina Jacquier. Lakini mtihani wake wa mwisho wa sekondari aliufanya kwa jina lake halisi mwishoni mwa Machi 1944, na tarehe 30 Machi akakamatwa barabarani mjini Nice.

Wa nne ni tahajia. Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tumezoea kuandika kama tunavyotamka, na hilo linaweza kuwa msaada mkubwa. Kando ya kila jina la Kipolandi andika matamshi yake kwa tahajia yetu: SZ ni sh, CZ ni ch, W ni v, C ni ts, J ni y. Szwarc ni "Shvarts", Jakubowicz ni "Yakubovich". Kisha jiulize Mjerumani, Mfaransa na Mmarekani wangeliandikaje jina wakilisikia hivyo. Tovuti ya JewishGen, ya kutafuta koo za Kiyahudi, ina mfumo wa Daitch-Mokotoff unaogeuza jina kuwa namba ya tarakimu sita kwa kufuata sauti, kwa hiyo Szwarc, Schwartz na Shvarts huja pamoja. Anza na mfumo huo, kisha ubane kwa mwaka na mji.

Mji mmoja, nchi tatu

Safu ya mahali iwe na majina mawili: la wakati ule na la leo. Łódź iliitwa Litzmannstadt kuanzia 1940. Lviv ya Ukraine ya leo ilikuwa Lwów ya Poland kabla ya vita, na Lemberg kwa Wajerumani. Kaunas ni Kovno kwa Wayahudi waliozaliwa pale. Mwanamke aliyezaliwa Sighet mwaka 1922 alizaliwa Romania, akajikuta Hungaria mwaka 1940 bila kuhama nyumba, akapelekwa kambi ya Auschwitz mwaka 1944 katika orodha za Hungaria, na mji wake leo uko Romania tena. Ukimwekea alama ya uraia mmoja katika utafutaji, kompyuta itakuficha nusu ya karatasi zake.

Mahali pa kutafuta, kwa mpangilio

Anza Arolsen Archives, mjini Bad Arolsen, Ujerumani. Hapo ndipo Washirika, yaani nchi zilizoishinda Ujerumani, walipokusanya karatasi za kambi, za kazi za kulazimishwa na za wakimbizi wa baada ya vita kwa ajili ya kutafuta waliopotea. Zina nyaraka zipatazo milioni 30, watafiti walifunguliwa mlango mwaka 2007, na sehemu kubwa sasa inasomwa bure kwenye intaneti. Tafuta kwa jina la ukoo peke yake kwanza, kisha kwa jina na mwaka, kisha kwa namba ya mfungwa kama unayo. Usipopata, tuma ombi kwa fomu yao. Halilipiwi, ila jibu huweza kuchukua miezi. Wana pia mwongozo wa mtandaoni unaoonyesha aina za kadi na kueleza kila kisanduku. Usome kabla hujaanza kukisia.

Pili, Yad Vashem ya Jerusalem. Hifadhidata yake ya majina ni ya waliouawa, na ina majina karibu milioni 5. Mtu hudhani haimhusu manusura. Inamhusu sana, kama tutakavyoona mwishoni.

Tatu, jumba la kumbukumbu la Holokosti la Washington, ambalo lina sajili ya manusura waliojiandikisha wenyewe au kuandikishwa na jamaa zao.

Nne, hifadhi za nchi husika. Kwa Ufaransa ni Mémorial de la Shoah ya Paris, na majalada ya waliopelekwa kambini yaliyoko Caen chini ya idara ya historia ya wizara ya ulinzi. Kwa Poland ni Taasisi ya Historia ya Kiyahudi ya Warsaw, yenye maelezo yapatayo 7,000 yaliyochukuliwa kwa manusura mara tu baada ya vita. Kwa Hungaria ni mahojiano ya DEGOB, kamati iliyowasaidia Wayahudi waliorudi kutoka kambini, ya 1945 na 1946, mafupi na makavu, yaliyoandikwa kabla kumbukumbu hazijapoa.

Kusoma kadi ya kambi

Maneno machache ya Kijerumani yatakutosha kwa kuanzia:

geb. – alizaliwa, au jina la ukoo kabla ya ndoa
led. – hajaolewa
verh. – ameolewa
gest. au verst. – amefariki
Zugang – kuingia kambini
überstellt – amehamishiwa kambi nyingine

Angalia mwandiko. Namba 1 ya Ulaya ina mkia mrefu mbele na hufanana na 7. 7 yenyewe hukatwa kwa kistari katikati. Mwezi huweza kuandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Karatasi za Wajerumani hutanguliza siku, lakini karatasi zilizojazwa na Wamarekani baada ya Mei 1945 huweza kutanguliza mwezi. Tarehe 5 Julai ikageuka 7 Mei, na mtu mmoja akawa watu wawili katika hifadhidata.

Kuhusu umri: katika kushushwa kwenye mabehewa huko Birkenau, sehemu ya Auschwitz, watoto na wasichana wadogo walipelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Wafungwa waliopokea mabehewa waliwanong'oneza wasichana wajiongezee miaka. Simone alikuwa na 16 na aliambiwa aseme ana 18. Kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa ulio mbele kidogo au nyuma kidogo si uzembe wa karani, huenda ndio uliomwokoa. Wanawake wa makamo nao walijipunguzia. Baada ya vita wako waliobaki na tarehe ya uongo katika hati zote za maisha, hadi pensheni.

Namba ya mkononi inahitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ni Auschwitz na kambi zake ndogo tu zilizochora namba mwilini kwa sindano na wino. Mwanamke asiye na namba huenda alikuwa Ravensbrück, Stutthof, Majdanek au Bergen-Belsen. Tena, kutokuwa na namba hakuthibitishi kwamba hakupita Auschwitz. Kati ya Mei na Julai 1944 Wayahudi zaidi ya 400,000 walitolewa Hungaria, na wanawake wengi waliobakizwa hai waliwekwa Birkenau kwa wiki kadhaa bila kusajiliwa, kisha wakapelekwa viwandani Ujerumani. Hao hawana namba ya Auschwitz, na mwanafunzi asiyejua hilo huwaita waongo.

Mfululizo wa namba za wanawake ulianza peke yake kutoka 1 mwezi Machi 1942. Wanaume walikuwa na mfululizo wao. Namba moja basi ilivaliwa na watu wawili, mwanamke na mwanaume, kwa hiyo usiitafute bila kutaja jinsia. Kuanzia Mei 1944 Wayahudi walipewa mfululizo mpya wenye herufi A, nao pia ukitenganisha wanawake na wanaume. Hii inakupa njia ya kukadiria tarehe. Namba ya Simone Veil ilikuwa 78651, bila herufi. Hata kama hujui chochote kingine, unaweza kusema aliingia kabla A haijaanza. Na ndivyo ilivyo: aliondoka kambi ya Drancy, karibu na Paris, tarehe 13 Aprili 1944 kwa msafara wa treni namba 71, pamoja na mama yake Yvonne na dada yake Madeleine, wakafika usiku wa tarehe 15.

Sehemu kubwa ya karatasi za Auschwitz iliharibiwa na SS kabla ya kukimbia. Pengo katika jedwali ni jambo la kawaida, hasa kati ya Januari na Aprili 1945, wakati wafungwa walipotembezwa kwenye theluji na kurundikwa katika mabehewa ya wazi kuelekea magharibi. Acha mstari mtupu, andika "hakuna karatasi", na ujaze kwa ushuhuda baadaye. Kwa Simone mstari huo ni kutoka kambi ndogo ya Bobrek hadi Gleiwitz, kisha Bergen-Belsen, ambako mama yake alikufa kwa homa ya tifasi mwezi Machi 1945, mwezi mmoja kabla Waingereza hawajafika tarehe 15 Aprili.

Jambo la mwisho kuhusu orodha za wanawake. Ukikuta wawili wameandikwa kuwa ni dada na majina yao ya ukoo hayafanani, usiharakishe kusahihisha. Wanawake waliishi kambini kwa kujifunga wawili wawili au watatu watatu, wakigawana mkate na kushikana wakati wa kuhesabiwa, na wakaitana dada. Wengine waliendelea kujiandikisha hivyo hata kwenye kambi za wakimbizi ili wasitenganishwe. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja kabla ya kuandika "dada wa damu".

Baada ya geti kufunguliwa

Usiandike kwamba tarehe ya kukombolewa ndiyo tarehe ya kupona. Bergen-Belsen ilikuwa na watu wapatao 60,000 Waingereza walipoingia, na zaidi ya 13,000 walikufa baada ya hapo kwa tifasi, kuhara na miili iliyokuwa imekwisha. Kwa hiyo tafuta orodha mbili: ya waliokutwa hai Aprili, na ya waliokuwa hai Juni. Mwanamke aliyemo katika ya kwanza na hayumo katika ya pili huenda alikufa, huenda alipelekwa hospitali Sweden, ambayo iliwapokea maelfu ya wagonjwa kiangazi kile.

Kisha njia hugawanyika. Waliotoka Ufaransa, Ubelgiji au Uholanzi kwa kawaida walirudishwa makwao. Paris waliopokewa walipita Hoteli Lutetia, mahali ambapo jamaa walibandika picha za waliowatafuta. Waliotoka Poland, Lithuania na Hungaria mara nyingi hawakuwa na wa kurudia. Waliishi miaka kadhaa katika kambi za wakimbizi Ujerumani, Austria na Italia: Belsen, Landsberg, Feldafing, Föhrenwald, hiyo ya mwisho ikifungwa mwaka 1957 tu. Tafuta karatasi mbili za kipindi hiki huko Arolsen. Moja ni kadi ya usajili ya wakimbizi ijulikanayo kama DP-2, yenye kazi aliyoizoea, lugha anazojua na nchi anayotaka kwenda. Nyingine ni fomu CM/1 ya shirika la wakimbizi IRO, ndefu zaidi, yenye mfululizo wa makazi na ajira za miaka iliyotangulia na sababu za kutotaka kurudi kwao. Karani aliuliza, mwanamke akajibu, wakati mwingine jibu lake likanukuliwa. Kwa wanawake wengi maskini hii ndiyo sauti yao ya kwanza iliyobaki.

Safari za mbali zina karatasi zake. Waliojaribu kuingia Palestina kwa meli na kukamatwa na Waingereza walizuiliwa Cyprus, kati ya Agosti 1946 na mapema 1949. Waliokwenda Marekani walingoja sheria ya wakimbizi ya 1948 na marekebisho yake ya 1950. Orodha ya abiria itakupa meli, na ombi la uraia miaka michache baadaye litakupa jina jipya na la zamani kwenye ukurasa mmoja. Ukilipata ombi hilo, umepata ufunguo wa majina yote mengine.

Jalada lenye utajiri kuliko yote, na ambalo watu hulisahau, ni la fidia. Sheria ya fidia ya Ujerumani Magharibi ya mwaka 1956 ililipa kunyimwa uhuru kwa marka 150 kwa kila mwezi kamili. Kwa hiyo utakuta tarehe zimehesabiwa kwa makini ya kushangaza, mashahidi wameapa kwamba walikuwa naye kitanda kimoja cha mbao, na wakili amepanga miezi ili itimie. Isome ukijua msukumo huo. Tarehe inayoanguka tarehe 1 ya mwezi kila mara, ilinganishe na karatasi nyingine. Si kwamba alidanganya. Alitakiwa kutoa tarehe kamili za mahali ambapo hakuruhusiwa kuwa na saa wala kalenda.

Dai la afya lilihitaji kuonyesha kwamba uwezo wa kufanya kazi umepungua kwa angalau asilimia 25 kutokana na mateso. Ndani yake mna ripoti za madaktari: kukosa usingizi, maumivu ya kichwa, mimba zilizoharibika, woga wa mbwa na wa mlio wa treni. Mna pia madaktari walioandika kwamba hali hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Ripoti hizo zinaumiza kuzisoma, na zinaeleza maisha ya baadaye kuliko picha ya harusi. Ombi la kuyaona majalada hupelekwa katika ofisi za fidia au hifadhi za jimbo la Ujerumani lililoshughulikia dai. Utatakiwa uwe jamaa, uwe na idhini, au muda wa usiri uwe umekwisha. Ukikuta kwenye kadi ya Arolsen herufi T/D na namba, kuna jalada la barua zilizoandikwa miaka ya baadaye kumhusu. Liombe kwa namba hiyo.

Kwa Simone Veil mistari hii ya daftari ni ya aina nyingine, nayo ijaze kwa bidii ileile. Alirudi Paris Mei 1945. Baba yake André na kaka yake Jean hawakurudi. Walipelekwa na msafara namba 73 kuelekea nchi za Baltiki. Alisoma sheria na siasa, akaolewa na Antoine Veil Oktoba 1946, na mapema miaka ya 1950 aliishi Ujerumani, mume akiwa kazini huko. Mwaka 1952 dada yake Madeleine, aliyevuka naye kambi zote, alikufa kwa ajali ya gari. Akaingia idara ya magereza na kushughulikia hali za wafungwa wanawake. Mwaka 1974 akawa waziri wa afya, na sheria ya Januari 1975 iliyoruhusu utoaji mimba Ufaransa inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1979 akachaguliwa rais wa Bunge la Ulaya. Kwenye upanga wake wa heshima kama mwanachama wa Académie française, taasisi ya lugha ya Kifaransa, namba 78651 imechongwa. Tarehe 1 Julai 2018 akazikwa Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa mashujaa wa taifa, pamoja na mumewe.

Kusikiliza ushuhuda

Hifadhi kubwa ya video ni ya USC Shoah Foundation, iliyoanzishwa 1994, yenye mahojiano zaidi ya 50,000 yaliyowekewa maneno ya utafutaji dakika kwa dakika. Humo mna pia mahojiano ya manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda ya 1994, kwa hiyo anayejifunza njia hii anaweza kuitumia hata karibu na nyumbani. Hifadhi ya Fortunoff ya chuo cha Yale ilianza 1979. Huko jina la ukoo hufupishwa kuwa herufi moja, usishangae kumkosa kwa jina kamili. Ya zamani zaidi ni rekodi za David Boder, aliyezunguka kambi za wakimbizi mwaka 1946 na mashine ya kunasa sauti kwenye waya.

Sikiliza mara ya kwanza bila kusimamisha. Mara ya pili andika kila dakika tano: mada, mahali, jina, na swali lililoulizwa. Kunukuu neno kwa neno saa moja ya sauti huchukua saa 4 hadi 6, na zaidi kama lugha si yako. Andika pia mwaka wa mahojiano na lugha aliyochagua. Mwanamke huyohuyo akihojiwa 1946 na 1996 atasema mambo tofauti, na yote mawili ni ya kweli kwa wakati wake. Mwaka 1946 hujui kama anaongea mbele ya mtu atakayempa viza. Mwaka 1996 wajukuu wamekaa chumba cha pili.

Tarehe za kalenda katika ushuhuda ziamini kwa tahadhari. Sikukuu ziamini zaidi. Akisema "ilikuwa Yom Kippur, Birkenau, mwaka wa mwisho", akimaanisha siku ya toba ya Kiyahudi, unaweza kuhesabu: mwaka 1944 iliangukia 27 Septemba. Ila siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Yom Kippur ni usiku wa kuamkia tarehe 27. Msomaji wa pwani hana shida na hesabu hiyo; wengine waiandike waziwazi.

Maisha ya baadaye hubanwa katika dakika za mwisho za rekodi, mara nyingi pamoja na picha za familia. Usizime hapo. Sikiliza hasa anapoonyesha picha, kwa kuwa majina ya watoto wa kwanza waliouawa pengine hutajwa hapo tu. Wanawake wengi walioolewa upya hawakuyaandika kwenye fomu za uhamiaji.

Maneno ya Kiswahili yanayopotosha

Neno "uteuzi" lisitumike kwa tendo la daktari wa SS kuonyesha nani afe na nani afanye kazi. Kwetu uteuzi ni heshima, rais huteua mawaziri. Andika "mchujo", na ueleze mara ya kwanza kwamba waliochujwa waliuawa.

"Geto" kwa kijana wa Dar es Salaam ni chumba cha kupanga. Ukiandika tu "aliishi geto la Warsaw" umempa picha ya mtu aliyejitegemea. Eleza: mtaa uliozungushiwa ukuta au uzio, Wayahudi wakafungiwa humo kwa njaa.

"Kambi" peke yake haisemi kitu, maana hata skauti hupiga kambi. Tofautisha kambi ya mpito kama Drancy, kambi ya mateso kama Ravensbrück, na kambi ya maangamizi kama Treblinka. Na usiandike "kambi za Poland": ni kambi za Wajerumani katika Poland waliyoivamia.

"Mwathirika" kwa wasomaji wengi limefungamana na virusi vya ukimwi. "Mhanga" lina harufu ya aliyejitolea. "Manusura" ni sahihi na tayari linaeleweka.

Mtu aliye hai, au aliyeacha watoto hai, usichapishe anwani yake wala jalada lake la afya bila ruhusa, hata kama umeliona kihalali. Picha za wanawake waliovuliwa nguo mbele ya mashimo ya kuuawa usizitumie kupamba makala. Walipigwa picha hizo bila ridhaa, na waliozipiga walikuwa upande wa wauaji.

Hatua ya mwisho: tafuta kwa jina la aliyejaza

Rudi Yad Vashem. Tangu miaka ya 1950 manusura wamejaza Kurasa za Ushahidi, ukurasa mmoja kwa kila aliyeuawa: jina, wazazi, mji, kazi, mahali alipofia. Chini kabisa kuna jina la aliyejaza, uhusiano wake na marehemu, anwani, tarehe na sahihi. Katika utafutaji wa kina, weka jina la mwanamke wako katika nafasi ya mjazaji, si ya marehemu. Jaribu jina la kuzaliwa, la ndoa na la Kiebrania.

Huenda ukapata ukurasa mmoja, huenda kumi na saba. Soma picha ya karatasi yenyewe, usitegemee muhtasari uliochapwa, kwa sababu mwandiko ni wake. Linganisha na kurasa za wajazaji wengine, maana shangazi na binamu walijaza kwa watu walewale na tarehe huachana. Wako pia waliojaziwa kurasa na jamaa walioamini wamekufa, kumbe walikuwa hai mji mwingine; ukigundua hivyo, andikia hifadhi na uambatishe ushahidi.

Majina hayo yaingize mwishoni mwa daftari, kila mmoja mstari wake na safu zake saba: mama, baba, kaka, mume wa kwanza, mtoto mwenye umri wa miaka minne ambaye kwenye safu ya kazi mama yake aliandika kistari.